Njiti Anapopaliwa kwa Chupa: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kurekebisha

Nilipofika nyumbani kwa bibi mmoja huko Mbagala, nikamwamkia na yeye akaitikia, kabla sijakaa alinionyesha sindano ya kushonea ambayo ncha yake ilikuwa imekuwa nyeusi kwa moto wa jiko la mkaa. "Mwanangu, mtoto huyu hana nguvu za kuvuta," alisema, "kwa hiyo nimemtanulia tundu la chuchu." Mjukuu wake alizaliwa katika wiki ya 30 ya ujauzito na alikuwa ametoka wodini siku chache zilizopita. Alikuwa amelazwa chali mapajani, maziwa yanamchirizika hadi shingoni, nyusi zimepanda juu, vidole vyote vimetanuka, na kila baada ya mafunda kadhaa alitoa mlio wa kugugumia kama mtu anayekunywa maji mengi kwa haraka. Kwa macho ya bibi, mtoto alikuwa anakula vizuri kuliko jana. Niliomba chupa, nikaiweka mezani, na ndipo mtoto akavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu nilipoingia.

Kazi yangu ni uuguzi wa watoto wachanga, na sehemu kubwa ya shida za kumeza ninazokutana nazo kwa njiti wanaolishwa kwa chupa hutokana na jambo hilo moja: maziwa huja kwa kasi kuliko mtoto anavyoweza kupumua. Kwa sababu hiyo, kila dalili iliyoelezwa hapa chini inaanza kuchunguzwa kwa swali lilelile, yaani mtoto anapata nafasi ya kuvuta hewa saa ngapi, kabla ya kutafuta magonjwa mengine.

Koo ni njia ya pamoja ya hewa na chakula. Ili ameze, mtoto hulazimika kusitisha pumzi kwa muda mfupi sana, kufunga njia ya hewa, kupitisha funda, kisha kuifungua tena. Mtoto aliyetimiza miezi yake huunganisha kunyonya, kumeza na kupumua bila kufundishwa. Kwa njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, uwezo huo huanza kujitokeza kati ya wiki ya 32 na ya 34, na mara nyingi haukomai kabla ya wiki ya 36 au 37. Kwa wale waliozaliwa wachanga sana au waliokaa muda mrefu kwenye oksijeni, huchelewa zaidi. Kinachowadanganya wazazi ni kwamba kunyonya peke yake huanza mapema. Mtoto wa wiki 33 anaweza kuivuta chuchu kwa nguvu ya kushangaza, lakini nguvu hiyo haithibitishi kwamba anajua kusimama na kupumua. Hesabuni basi umri wake kwa wiki za ujauzito: aliyezaliwa katika wiki ya 30 na sasa ana wiki tano nje ya tumbo ni mtoto wa wiki 35, hata kama kadi ya kliniki inaonyesha zaidi ya mwezi mmoja.

Niseme pia kwamba chupa si chaguo la kwanza. Maziwa ya mama ndiyo bora, na pale ambapo njiti hawezi kunyonya titi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikombe kidogo, ambacho husafishika kwa urahisi na humwacha mtoto ayalambe maziwa kwa mwendo wake mwenyewe. Wodi nyingi za njiti jijini Dar es Salaam humtoa mtoto kwenye mrija wa kulishia na kumpeleka kwenye kikombe au titi moja kwa moja. Hata hivyo, najua nyumba ambazo zina mapacha, ambazo mama ni mgonjwa, au ambazo mtoto hubaki na dada wa kazi kuanzia alfajiri hadi daladala za jioni, na huko chupa imeshaingia. Mwongozo huu ni kwa ajili yao.

Mkao wa kuanzia

Kabla ya kutafuta chanzo cha dalili yoyote, rekebisheni kwanza namna ya kumlisha, kwa sababu dalili nyingi hupungua hapo hapo. Mlishaji akae kwenye kiti na aweke miguu juu ya kigoda ili mapaja yainuke. Mtoto alazwe kwa ubavu juu ya mapaja hayo, kichwa kikiwa juu kuliko nyonga, huku sikio, bega na nyonga vikiwa kwenye mstari mmoja na shingo isijikunje kifuani wala kurudi nyuma. Azungushiwe kanga nyepesi inayomshika mikono karibu na kidevu bila kumbana kifua. Chupa ishikwe ikiwa imelala karibu sawa na sakafu, maziwa yakijaza chuchu nusu tu. Akilala hivyo, funda lililozidi hutoka pembeni mwa mdomo badala ya kuangukia kooni, na uzito wa maziwa hausukumi tena kama inavyotokea akiwa chali na chupa imesimama.

Maziwa yanachirizika, mtoto anagugumia

Hii ndiyo dalili ya mtiririko mkali. Ipimeni chuchu kwa kuipindua chupa yenye maziwa bila kuitikisa: tone moja moja ni sawa, lakini mchirizi unaoendelea haumfai njiti. Msiamini sana maandishi ya pakiti, kwa maana neno "mtoto mchanga" au namba 1 halina kipimo kimoja kwa watengenezaji wote, na chuchu mbili zenye namba ileile zinaweza kutofautiana mno. Aidha, chuchu inayochemshwa kila siku hulainika na tundu lake hupanuka, hivyo ile iliyomfaa mtoto mwezi uliopita inaweza kuwa ndiyo inayompalia leo. Chuchu iliyopasuka, inayonata au iliyotanuliwa kwa sindano itupwe. Tundu la sindano lina ubaya wa ziada: kingo zake huchanika, na maziwa hutoka kwa kasi isiyotabirika, mara kidogo, mara kwa kishindo.

Anapaliwa, anabadilika rangi, au anaacha kupumua

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa kuwa ndipo penye hatari na ndipo watu wanapokosea kusoma dalili. Mtu mzima akipaliwa hukohoa, na sisi sote tumezoea kuusubiri ukohozi huo. Njiti wengi hawakohoi. Maziwa yanapogusa njia ya hewa, mwili wake ambao haujakomaa hujibu kwa kufunga na kusitisha pumzi, kisha mapigo ya moyo hushuka na rangi hubadilika. Mtoto anaweza kuwa kimya kabisa na mlishaji akadhani ameshiba. Kwa sababu hiyo, macho ya mlishaji yawe kwenye kifua na uso wa mtoto, na alama za mililita kwenye chupa zisubiri hadi mwisho. Kwa ngozi zetu nyeusi, kutazama mashavu hakutoshi. Angalieni ulimi, ufizi na upande wa ndani wa midomo, ambako rangi ya kijivu au ya buluu huonekana mapema. Kabla ya hapo kuna dalili za onyo: nyusi hupanda, macho hukodoka, tundu za pua hupanuka, vidole hutanuka, kichwa hutikisika kidogo kwa kila pumzi, na mafunda hufuatana bila mwanya.

Dawa yake ni kumpimia pumzi. Hesabuni kunyonya mara tatu hadi tano, kisha inamisheni chupa ili maziwa yarudi nyuma na chuchu ibaki tupu mdomoni, au itoeni kabisa ikiwa mtoto haachi kuvuta. Subirini aingize na kutoa hewa mara kadhaa kwa utulivu, kisha inueni tena. Mama mmoja wa Tandale alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, "moja, mbili, tatu, pumua baba," na baada ya siku chache mtoto akaanza kusimama mwenyewe kwenye ile "tatu". Haya si mafunzo ya milele: wiki zinavyosogea mtoto huanza kujipangia mapumziko yake, na mlishaji hupunguza kuingilia.

Ikiwa mtoto ameshaacha kupumua, toeni chupa mara moja, mlazeni kifudifudi juu ya mkono wenu huku kichwa kikiwa chini kidogo ya kifua na shingo imeshikiliwa, futeni maziwa mdomoni, kisha msugueni mgongo na nyayo. Mara nyingi pumzi hurudi kwa sekunde chache. Isiporudi, mlazeni chali, funikeni mdomo na pua yake kwa mdomo wenu, pulizeni hewa kidogo ya mashavuni, inayotosha tu kuinua kifua, na mwendelee hivyo huku mwenzenu akitafuta usafiri. Ombeni muuguzi awaonyeshe jambo hili kwa vitendo kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, kwa sababu hakuna anayejifunza vizuri akiwa na hofu. Msimning'inize kwa miguu kichwa chini, msimtikise, na msimwagie maji ya baridi. Tukio la namna hii likitokea, hata kama mtoto ameonekana mzima dakika tano baadaye, aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Jambo dogo ambalo huleta matukio haya kuliko watu wanavyodhani ni kulisha ndani ya gari linalokwenda. Nimewaona akina mama wakirudi kutoka kliniki kuelekea Gongo la Mboto na chupa mdomoni mwa mtoto, daladala ikiruka matuta. Kila mtikisiko ni funda ambalo mtoto hakuliomba. Lisheni kabla ya kupanda au baada ya kushuka.

Anasinzia kabla ya kumaliza

Njiti huchoka haraka, na mlo usizidi dakika 30, kwa kuwa baada ya hapo nguvu anayotumia hukaribia kuzidi anayoipata. Akisinzia, mwacheni. Tabia ya kuizungusha chupa mdomoni, kuitikisa, au kumkandamiza mashavu ili "amalizie" ni ya hatari, maana maziwa huingia katika koo la mtoto ambaye hayuko macho kuyameza. Afadhali kumlisha kidogo kidogo kila baada ya saa mbili kuliko kumlazimisha kila saa tatu. Ulizeni wodini kiasi alichopangiwa. Kwa kawaida njiti aliyekwisha kutulia hupewa kati ya mililita 150 na 180 kwa kila kilo kwa siku, hivyo mwenye kilo 2 anayepewa 160 kwa kilo atahitaji mililita 320 kwa saa 24, yaani 40 kwa kila mlo akilishwa mara nane. Asiyeweza kufikia kiasi hicho kwa siku nzima huenda bado anahitaji mrija kwa baadhi ya milo, na kurudishiwa mrija si kushindwa kwa mama.

Uchovu una vyanzo vingine ambavyo chupa haihusiki navyo. Upungufu wa damu ni wa kawaida kwa njiti katika wiki za mwanzo, na humfanya apauke na kuchoka. Moyo wenye kasoro humfanya atoke jasho kichwani wakati wa kula na kupumua kwa haraka. Hata katika joto la Dar es Salaam la mwezi Februari, jasho la mtoto anayelala kwenye upepo wa feni huku akinyonya ni jambo la kumweleza daktari, ambaye akiona haja atamwelekeza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Na mtoto aliyekuwa akila vizuri kisha akaacha ghafla, akawa mlegevu, ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au amepoa chini ya 36.5, achukuliwe kuwa ana maambukizi mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Hapo msibadilishe chuchu, nendeni hospitali.

Ananyonya sana lakini maziwa hayapungui

Hili ni kinyume cha tatizo la kwanza, na ni nadra zaidi kuliko wazazi wanavyoamini. Legezeni kidogo kizibo cha chupa, kwa sababu kikikazwa mno hewa haiingii, chuchu hujibonyeza na mtoto huvuta patupu. Angalieni kama tundu limezibwa na bonge la unga wa maziwa. Ikiwa chupa ni nzima, tazameni mdomo kwa tochi ya simu: ufa kwenye kaakaa unaweza kuwapo hata pale ambapo mdomo wa nje hauna kasoro, na maziwa kutokea puani ni ishara yake. Ufa wa namna hiyo unahitaji chupa ya aina maalumu na baadaye upasuaji, ambao hapa jijini hufanyika. Ulimi uliofungwa na utepe mfupi chini yake nao huwezekana, ingawa utepe huo usikatwe na mtu yeyote nje ya hospitali.

Anakataa chupa, anajikunja nyuma

Njiti aliyekaa wiki nyingi na mirija mdomoni na puani huweza kuuhusisha mdomo wake na maumivu. Ukimsogezea chuchu hugeuza uso, hufumba midomo au hujaribu kutapika. Kumlazimisha huzidisha. Mshikeni ngozi kwa ngozi, mguseni midomo kwa kidole safi chenye tone la maziwa ya mama, na msubiri afungue kinywa mwenyewe. Kabla ya kufikia hitimisho hilo, hakikisheni pua haijaziba, kwa kuwa mtoto mchanga hupumua hasa kwa pua. Matone ya maji ya chumvi ya dukani, moja kila upande, hutosha. Tazameni pia utando mweupe usiofutika kwenye ulimi na mashavu, ambao ni fangasi na una dawa. Akijikunja baada ya kula badala ya wakati wa kula, chanzo kinaweza kuwa maziwa yanayopanda kutoka tumboni; punguzeni kiasi kwa mlo, mcheulisheni katikati, na mshikeni wima kwa dakika 20 hadi 30, kisha alale chali.

Sauti yenye majimaji na nimonia zinazojirudia

Mtoto ambaye kilio chake baada ya kula kina sauti ya majimaji, ambaye kifua hukoroma, au ambaye amelazwa kwa nimonia zaidi ya mara moja, huenda maziwa yanaingia mapafuni kimyakimya. Hakuna mbinu ya nyumbani inayoweza kulithibitisha jambo hili, na anahitaji kupimwa umezaji wake katika hospitali kubwa. Mlio mkali anapoingiza hewa nao hutaka uchunguzi wa njia ya hewa.

Mambo mawili yasiyofaa kujaribiwa

La kwanza ni kuongeza uzito wa maziwa kwa uji, unga wa mchele au wanga ili "yasimpalie". Utumbo wa njiti ni mwepesi kuharibika. Mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya dhidi ya kumpa njiti bidhaa moja ya dukani ya kuongeza uzito wa maziwa baada ya visa vya ugonjwa wa kuoza kwa utumbo. Uamuzi wa kuongeza uzito ni wa daktari peke yake. Kuyapunguza maziwa ya kopo kwa maji mengi nako humwacha na njaa na huvuruga chumvi za mwili wake.

La pili ni kukata kimeo. Kila mara mtoto anapokohoa au kupaliwa, hakosekani jirani anayemjua fundi wa kimeo. Kimeo ni kinyama cha kawaida kilichopo kooni mwa kila mtu, na kukikata hakufundishi koo kuratibu pumzi. Kinacholetwa na wembe huo ni damu, ambayo njiti hana ya kupoteza, pamoja na maambukizi, na nimempokea mtoto aliyeletwa akiwa amechelewa kwa sababu siku mbili za mwanzo zilitumika huko. Nilimwambia bibi wa Mbagala haya yote kwa upole, naye akaniuliza, "Sasa mbona wa kwangu wote walikatwa wakapona?" Nikamjibu kwamba wa kwake walizaliwa wa miezi tisa, na wangepona hata bila wembe.

Kwenda hospitali bila kusubiri

Nendeni hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala au kituo chochote kilicho karibu ikiwa mtoto anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea kwa ndani, ulimi umekuwa wa buluu, ameacha kupumua hata mara moja, ametapika kijani au damu, tumbo limevimba, amelegea, au amekataa milo miwili mfululizo. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, kwani njiti hupumua kwa vipindi. Anayepumua zaidi ya 60 asilishwe kwa mdomo njiani.

Kwa shida zisizo za dharura, wekeni daftari la siku tatu lenye saa, kiasi alichokunywa, dakika alizotumia, nepi zilizoloa na lililotokea, kisha mrekodi kwa simu mlo mmoja mzima. Simu ishikwe na mtu mwingine, kando ya dirisha lenye mwanga, ili picha ionyeshe uso, kifua na chupa kwa pamoja. Nendeni kliniki na chupa na chuchu ileile anayoitumia nyumbani, ikiwa na maziwa yaleyale, kwa sababu mtoto aliyelishwa mbele ya daktari kwa chuchu mpya ya kuazima hataonyesha shida iliyowaleta.